Fundi anataka kutoboa matundu 12 sebuleni. Nichague taa gani?

Swali: Tunajenga Kibaha, nyumba ya vyumba vitatu. Wayaringi ya ukutani imekwisha na wiki ijayo fundi jipsamu anaanza dari. Fundi umeme ameniambia ninunue taa za kuzamisha darini za wati 12: kumi na mbili za sebuleni na sita sita za kila chumba cha kulala. Mume wangu anataka shandelia katikati ya sebule, mimi nataka pangaboi kwa sababu ya joto. Nikifika Kariakoo nachanganyikiwa kabisa: nyeupe, njano, paneli, mkanda, rangi tatu. Sebule yetu ni mita 5 kwa 4, vyumba ni mita 3.5 kwa 3.5. Nianzie wapi, na kila chumba kinahitaji taa ya namna gani?

Jibu:

Dada, hongera kwa kuifikisha nyumba kwenye dari. Umeuliza wakati mzuri, maana wiki hii kuhamisha taa ni kazi ya kuvuta waya tu. Jipsamu ikishapigwa na kupakwa rangi, kuhamisha taa hiyohiyo kutakuwa kutoboa upya, kuziba tundu la zamani, kupiga skimu na kurudia rangi ya dari nzima ili kiraka kisionekane.

Kwa hiyo kabla hujarudi Kariakoo, nunua chaki. Ingia kila chumba uchore sakafuni vitu vitakapokaa: kitanda, kabati, kochi, runinga, meza ya chakula, sinki, jiko. Kisha simama pale utakaposimama ukiwa unakata vitunguu, unanyoosha nguo, unasuka nywele za mtoto, unasoma. Jiulize: taa ikiwa hapa juu, kivuli changu kitaangukia wapi? Na nikiwa nimekaa au nimelala, itanipiga machoni? Ukishamaliza kujibu hayo chumba kwa chumba, umeshachagua taa zaidi ya nusu. Ramani ya fundi wako, kwa jinsi ulivyoieleza, imegawa dari kwa idadi. Mistari itanyooka na dari itapendeza, lakini hakuna mahali ilipouliza nani atafanya nini chini yake.

Sasa hesabu, ili ukikaa na fundi uwe na namba mkononi. Wati zinaeleza umeme unaotumika, hazielezi mwanga unaotoka. Mwanga unapimwa kwa lumeni. Glopu ya zamani ya wati 60 ilitoa kama lumeni 800, na balbu nzuri ya LED inatoa kiasi hichohicho kwa wati 8 au 9. Taa ya kuzamisha ya wati 12 iliyotengenezwa vizuri hutoa karibu lumeni 1,000. Kumi na mbili ni lumeni 12,000, na sebule yako ina mita za mraba 20, yaani lumeni 600 kwa kila mita. Sebule inayokaliwa na watu wanaopumzika inatosheka na lumeni 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, ikiwa dari ni nyeupe na kuta ni za rangi ya mwanga. Chumba cha kulala kinatosheka na 100 hadi 150, na kwa mpango wa fundi chako kitapata karibu 500. Nyumba yako itang'aa kama duka la simu, na utaishia kuwasha taa ya korido peke yake jioni ili macho yapumzike.

Gharama nayo ipo. Taa 12 za wati 12 ni wati 144. Taa sita za wati 7 ni wati 42, na zinatoa kama lumeni 3,600, ambazo ndizo sebule yako inazohitaji. Tofauti ya wati 102, zikiwaka saa tano kila siku, ni uniti 15 kwa mwezi. Kwa tarifa ya kawaida, uniti moja ya LUKU pamoja na kodi ni karibu shilingi 350, kwa hiyo unazungumzia zaidi ya shilingi 5,000 kila mwezi kwa sebule peke yake, kwa mwanga usiouhitaji.

Rangi za kuta usizisahau katika hesabu hii. Ukuta mweupe unarudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoupiga. Ukuta wa kahawia iliyokolea au kijivu cha giza unaumeza karibu wote. Ukipanga ukuta wa nyuma ya runinga uwe wa giza, kama wengi wanavyofanya siku hizi, ongeza lumeni kidogo upande ule au uweke taa ya kuumulika ukuta wenyewe.

Sasa niingie kwenye mvutano wako na shemeji, kwa sababu hapo ndipo sebule nyingi za Pwani zinapoharibika. Shandelia na pangaboi vyote vinataka katikati ya dari. Mimi nasimama upande wako bila kusita. Kwa joto la Kibaha katikati ni mahali pa pangaboi, kwa sababu upepo wake lazima ufike pembe zote, na shandelia inaweza kupendeza mahali pengine. Mpelekee shemeji habari njema: shandelia yake iende juu ya meza ya chakula. Pale hakuna anayepita chini yake, kwa hiyo inaweza kushuka hadi karibu na watu. Ukingo wake wa chini uwe sentimita 75 hadi 85 juu ya meza, na upana wake uwe kati ya nusu na theluthi mbili ya upana wa meza. Ikishuka hivyo inamulika chakula na nyuso za waliokaa, na aliyesimama mlangoni anaiona vizuri zaidi kuliko ingekuwa juu ya makochi.

Akikataa katakata na mkakubaliana pangaboi liende ukutani, basi shandelia ya katikati ifuate vipimo. Jumlisha urefu na upana wa sebule kwa futi, jibu ndilo kipenyo cha taa kwa inchi. Sebule yako ni kama futi 16 kwa 13, kwa hiyo inchi 29, karibu sentimita 74. Ile kubwa ya ngazi tatu unayoiona imening'inizwa dukani imetengenezwa kwa ajili ya ukumbi wa ghorofa mbili. Chini yake pabaki mita 2.1 au zaidi, mtu mrefu apite bila kuinama. Na isifungwe kwenye jipsamu hata siku moja. Bodi ya jipsamu haibebi mzigo. Pangaboi na shandelia vyote vishikwe na ndoano iliyofungwa kwenye zege au kwenye mbao nene ya paa, na ndoano hiyo iwekwe sasa, kabla bodi hazijafunika.

Pangaboi likikaa katikati, kuna kosa moja la kuepuka ambalo utalijuta kila usiku. Pangaboi la inchi 56 linafagia duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 71. Taa yoyote ya darini iliyo juu ya duara hilo, au iliyo karibu nalo mno, mwanga wake unakatwa na mapanga. Likizunguka mara 300 kwa dakika, mapanga matatu yanapita mara 15 kila sekunde, na chumba kizima kinaanza kupepesa. Watu wanalalamika kichwa kinauma wakitazama runinga, wanabadilisha balbu, wanambadilisha fundi, kumbe ni mahali taa ilipo. Kwenye sebule yako weka taa za kuzamisha sentimita 60 hadi 80 kutoka ukutani. Hapo zinakaa zaidi ya mita moja kutoka katikati, nje kabisa ya mapanga, na zinamulika kuta na mapazia. Chumba ambacho kuta zake zinapata mwanga huonekana kikubwa kuliko kile kinachomulikwa sakafu tu.

Zile sita zigawe kwenye swichi mbili: tatu upande wa runinga, tatu upande wa makochi ya nyuma. Mkitazama mpira mnazima za upande wa runinga, kioo kisirudishe mng'ao. Pembeni ya kochi moja weka soketi kwa ajili ya taa ya kusimama. Anayesoma Kurani, Biblia au gazeti anahitaji mwanga ulio karibu yake, na taa moja ya wati 7 iliyo nusu mita kutoka kwenye kitabu inamsaidia kuliko taa zote za darini. Mkanda wa LED unaofichwa kwenye ngazi ya jipsamu ni pambo zuri, nami siupingi, lakini uuchukulie kuwa ni pambo. Uwe na swichi yake, na chukua ule wa volti 12 wenye draiva (kile kiboksi kinachoupa mkanda umeme wake) inayofikika kwa mkono. Ile ya volti 220 ya bei rahisi mara nyingi hupepesa, na draiva iliyofungiwa juu ya jipsamu ikifa, utavunja dari kuifuata.

Jikoni ndiko ninakokuomba usikubali mkato. Taa moja katikati ya dari, ambayo ndiyo desturi, inakuwa nyuma ya mpishi. Anainama kukata nyama, kichwa na mabega vinaziba mwanga, na kisu kinafanya kazi ndani ya kivuli chake mwenyewe. Meza nyingi za jikoni zinazojengewa ukutani zina kina cha sentimita 60, na mpishi anasimama nje ya hapo. Kwa hiyo taa ya dari ikae sentimita 50 hadi 60 kutoka ukutani, juu ya ukingo wa meza, iwe mbele ya paji la uso wake. Kama utakuwa na makabati ya juu, taa hiyo itazibwa nayo, hivyo weka mkanda au tyubu fupi ya LED chini ya kabati, karibu na ukingo wa mbele, mwanga uanguke kwenye ubao wa kukatia. Mwambie fundi aache waya kwa ajili yake sasa hivi hata kama makabati utayaweka mwakani. Juu ya sinki weka taa yake peke yake.

Kwa mwanga wa jumla wa jikoni napenda tyubu ya LED ya futi nne iliyofunikwa. Haipendezi kama paneli ya mviringo, lakini mwanga wake unatoka kwa urefu, vivuli vinakuwa laini, na mafuta ya kukaangia yakiganda juu yake unapangusa kwa kitambaa chenye sabuni. Usinunue tena fremu za tyubu za zamani zenye choki na stata, hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Tyubu hizo zina zebaki ndani, na nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana Geneva mwaka 2023 kuzikomesha ifikapo mwisho wa 2027. Utabaki na fremu isiyo na tyubu.

Vyumba vya kulala vina adui mmoja, nalo ni taa inayokutazama usoni ukiwa umelala chali. Taa sita za kuzamisha kwenye chumba cha mita 3.5, lazima mbili ziwe juu ya mto. Ondoa zote sita. Weka taa moja ya dari yenye kifuniko cheupe, wati 12 hadi 15, upande wa miguuni mwa kitanda, karibu na kabati, ili ukifungua mlango wa kabati uone nguo. Kisha weka taa ndogo mbili za ukutani, moja kila upande wa kitanda; balbu za wati 4 au 5 zinatosha.

Hapo chandarua kiingie kwenye hesabu. Kama mnatumia cha mviringo, ndoano yake inakaa juu ya kitanda, kwa hiyo pasiwe na taa ya kuning'inia eneo lile, wala pangaboi lisiwe karibu kiasi cha kukivuta. Swichi ya taa za kitandani iwe mahali mkono unafika bila kufungua neti; nimeona nyumba nzuri ambazo mama lazima atoke nje ya chandarua kuzima taa, na mbu wanaingia anaporudi. Taa ya ukutani iwe na kifuniko na ikae mbali na neti kwa shibri moja au zaidi. LED haichomi kama glopu ya zamani, lakini neti haina sababu ya kugusana na balbu yoyote. Taa ya dari iwe na swichi mbili, mlangoni na kitandani, ile ambayo mafundi wanaiita tuwei. Fundi akikuambia ni gharama, ni waya wa ziada wa mita chache, na wakati wake ni sasa.

Chumba cha watoto ongeza taa ya meza ya kusomea. Anayeandika kwa mkono wa kulia mwanga umjie kutoka kushoto, anayetumia kushoto umjie kutoka kulia, ili mkono usitie kivuli kwenye daftari.

Bafuni ni haraka. Tafuta kwenye boksi herufi IP na namba. IP44 inavumilia matone, IP65 inavumilia maji ya kurushwa. Juu ya bomba la mvua chukua IP65. Kwingine bafuni IP44 inatosha. Taa ya kioo isikae darini nyuma yako. Weka mbili, kulia na kushoto ya kioo, usawa wa uso. Ukiweka moja tu juu ya kioo, macho na kidevu vitakuwa na kivuli, na anayenyoa ndevu atajikata. Korido na ngazi zinahitaji mwanga kidogo, lumeni 100 kwa mita zinatosha, lakini hapo weka balbu moja ya kuchaji, ile inayoendelea kuwaka umeme ukikatika. Ikiwa koridoni, nyumba nzima inapata njia.

Sasa nyeupe na njano. Rangi ya mwanga inapimwa kwa kelvini, na namba ipo kwenye boksi na mara nyingi kwenye balbu yenyewe. 2700 hadi 3000 ni njano, 4000 ni ya katikati, 6500 ni ile nyeupe yenye ubluu. Kwetu wengi wanachukua 6500 kwa sababu dukani inaonekana ina nguvu zaidi. Sebuleni, mezani pa chakula na vyumbani mimi naweka 3000. Jikoni, bafuni na kwenye meza ya kusomea naweka 4000. Sijawahi kuona sababu ya kuweka 6500 ndani ya nyumba ya kuishi. Mwanga wenye ubluu mwingi usiku unachelewesha homoni inayoleta usingizi, na kwa ngozi zetu unatia ujivu usoni, mgeni anaonekana kama mgonjwa.

Ubluu huo una asili. LED nyeupe karibu zote ni LED ya bluu iliyopakwa unga wa njano, na mchanganyiko wa hizo mbili jicho linauona mweupe. Kabla ya LED ya bluu kupatikana, taa hizi hazikuweza kumulika nyumba. Ndiyo maana wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Kadiri unga unavyopakwa kidogo ndivyo bluu inavyobaki nyingi. Na unga hafifu unaharibu rangi za vitu: nyanya inaonekana imepauka, kitenge chekundu kinakuwa cha kahawia. Kipimo chake kimeandikwa Ra au CRI. Isiwe chini ya 80, na kwa kioo na jikoni ukipata 90 chukua hata kama imezidi bei.

Zile taa za rangi tatu, unazobadilisha kwa kuzima na kuwasha, zinafaa ikiwa ni taa moja kwenye swichi moja. Zikiwa sita kwenye swichi moja, baada ya muda moja inapitiliza, tano zinawaka njano na moja nyeupe, na kuzirudisha pamoja ni usumbufu. Amua rangi sasa.

Dukani, usinunue zote siku moja. Nunua taa moja ya kila aina, fundi aifunge kwa muda pale palipo na umeme, uitazame usiku. Ielekeze kamera ya simu: ukiona mistari myeusi inayotembea kwenye picha, taa inapepesa hata kama jicho halioni, irudishe. Ishike mkononi. Taa ya LED hufa kwa joto, na ile yenye mgongo mzito wa alumini inapoa kuliko ya plastiki nyepesi. Soma volti kwenye boksi. Umeme wetu ni volti 230, lakini sehemu nyingi unapanda na kushuka, kwa hiyo taa iliyoandikwa AC 85–265V itavumilia kuliko iliyoandikwa 220–240V. Tafuta alama ya TBS. Ukiridhika, nunua idadi yote kwa pamoja kutoka boksi za toleo moja, na mbili za akiba, kwa sababu mwakani ileile kwa jina itakuja na weupe tofauti kidogo.

Pale unapoweza, chagua taa inayobadilishwa balbu kuliko paneli iliyozibwa moja kwa moja. Paneli ikifa unatupa yote na kutafuta yenye kipenyo kilekile cha tundu. Balbu ikifa unamtuma mtoto duka la mtaani. Lakini angalia holda: ya pini na ya kuskruu ya kawaida zipo kila mahali, zile nyembamba za shandelia hazipatikani kila duka. Kabla shemeji hajalipia shandelia yenye balbu nane, muulize muuza duka bei ya balbu moja.

Nje ya nyumba, taa zote ziwe IP65 na zielekee chini. Taa kubwa ya kumulika iliyoelekezwa getini inampofusha anayetazama kutoka upande ule, na nyuma yake inaacha giza nene ambamo mtu anaweza kusimama usimwone. Taa nne ndogo za wati 7 kwenye pembe za nyumba zinalinda vizuri kuliko moja ya wati 50 juu ya ukuta. Zifungwe na fotoseli ili ziwake zenyewe magharibi na kuzimika alfajiri. Barazani weka njano: wadudu wanafuata zaidi mwanga wenye bluu, na mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi wanaojaa mlangoni penye taa nyeupe unawajua.

Mtu akikuuzia taa ya sola ya nje iliyoandikwa wati 200, pima paneli yake kwa rula. Jua la utosini linaleta kama wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri inageuza karibu sehemu moja ya tano kuwa umeme. Paneli ya sentimita 35 kwa 25 haiwezi kuzidi wati 17 au 18. Hiyo 200 ni namba ya boksi tu. Taa inaweza kufaa kwenye njia ya kuingilia, lakini lipa bei ya wati 17.

Nimeacha waya mwisho kwa sababu ndiyo mambo ya kumwambia fundi ana kwa ana kabla ya jipsamu. Kwanza, swichi ikate laini (waya unaoleta umeme), siyo nyutro (waya unaourudisha). Hili linafanyika vibaya mara nyingi kuliko unavyodhani, na kwa glopu za zamani halikuonekana. Kwa LED linajionyesha: unazima taa, nayo inabaki na mwanga hafifu au inamweka gizani kila sekunde chache. Wakati mwingine sababu ni ile taa ndogo iliyo ndani ya swichi yenyewe, au waya mrefu unaopita sambamba na mwingine wenye umeme, na hapo hakuna hatari. Lakini ikiwa swichi imekata nyutro, maana yake holda ina umeme hata taa ikiwa imezimwa, na anayepanda ngazi kubadilisha balbu anapigwa shoti akiwa na uhakika kwamba amezima.

Pili, waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, ufike kwenye kila taa ya chuma, hasa shandelia na taa za nje. Mafundi wengi wanaupeleka kwenye soketi na kuusahau darini. Tatu, taa zigawanywe kwenye breka mbili, ili moja ikianguka usiku nusu ya nyumba ibaki na mwanga. Nyaya za taa ziwe za milimita za mraba 1.5 na zipite ndani ya paipu hata juu ya jipsamu, maana panya wa darini wanatafuna. Na kama fundi wako hana leseni ya EWURA, kazi yake ikaguliwe na mwenye nayo kabla dari haijafungwa.

Siku ya kumlipa, pita naye chumba kwa chumba. Azime kila taa kwenye swichi yake, siyo kwenye meinswichi, kisha aguse ndani ya kila holda kwa testa. Testa ikiwaka popote, pale pafunguliwe na parekebishwe siku hiyohiyo, na malipo yasubiri.